Umeulizwa Wewe, Usimtume kwa Mchungaji

Kuna jibu moja linaloniumiza kila nikilisikia kinywani mwa Mkristo mwenzangu: "Hayo kamuulize mchungaji." Nimelisikia msibani, nimelisikia ndani ya daladala, na nimelisikia mara nyingi kwa wazazi wenye watoto wa kipaimara. Mtu ameuliza jambo la kweli, pengine amelibeba moyoni miezi mizima, halafu anaelekezwa kwa mtu ambaye hatamfuata. Kwanza hakumtaka mchungaji. Alitaka kujua wewe, anayekujua, anayekuona kila siku, unaamini nini na kwa nini.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, karibu na soko la Mbuyuni. Nashona sare za kwaya, magauni ya kipaimara, na vitenge vya kila namna. Ni mzee wa kanisa pia, katika usharika mmoja wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Theolojia sikusoma. Ninachokiandika hapa nimekipata kwenye Biblia, kwenye vitabu vya historia ya kanisa alivyoniazima mwinjilisti wetu, na kwa watu wanaokaa kwenye benchi langu wakisubiri nguo zao. Hao wa benchi ndio walionifanya nisome.

Tukitaka kuzungumza juu ya kutetea imani wote tunakimbilia 1 Petro 3:15: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu." Ni sawa kuukimbilia. Lakini angalia barua yenyewe iliandikiwa nani. Sura ya kwanza inawataja Wakristo waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia. Sura ya pili inasema na watumishi wa nyumbani, hata wale wenye mabwana wakali. Sura ya tatu inaanza na wanawake ambao waume zao hawaliamini Neno. Wazee wa kulichunga kundi wanakuja kuambiwa la kwao sura ya tano. Kwa hiyo alipoandika "mwe tayari", Petro alikuwa akiongea na mama wa nyumbani, na mtumwa, na mgeni asiye na wa kumtetea mjini. Aliwaambia wao wajibu.

Nao walikuja kuulizwa kweli. Mnamo mwaka 112 hivi, gavana wa Kirumi aliyeitwa Plinio alikuwa akitawala Bithinia na Ponto, sehemu zile zile. Alimwandikia Kaisari Trajano akiomba maelekezo, na barua hiyo ipo hadi leo. Anasema Wakristo walikuwa wakikutana siku maalumu kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama Mungu, na kuapa kwamba hawataiba, hawatazini, wala hawatavunja ahadi. Gavana alitaka kuhakikisha, basi akawachukua wanawake wawili watumwa, waliokuwa wahudumu wa kanisa, akawatesa ili waseme. Anakiri kwamba hakupata kwao kosa lolote, ila aliona dini iliyopita kiasi. Majina yao hakuyaandika. Kila nikisikia "kamuulize mchungaji" nawakumbuka wanawake wale wawili. Hakuna aliyewaulizia mchungaji. Waliulizwa wao.

Hapa kwetu pia tuna historia ya namna hiyo, na inanisikitisha kwamba vijana hawaijui. Wamisionari wa Leipzig, Walutheri kutoka Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, Wajerumani wakashindwa, na mwaka 1920 Waingereza wakawaondoa wamisionari hao mlimani. Fikiria hali ya sharika zile: changa, wachungaji wao wamepandishwa meli, hawajui kama watarudi. Walioshika ibada, mafundisho na shule walikuwa walimu Wachaga, watu wenye vihamba, yaani mashamba ya migomba ya ukoo, na familia, waliokuwa wamejifunza kusoma miaka michache tu kabla. Kanisa halikufa. Makanisa makubwa tunayoyaona leo kuanzia Machame hadi Mwika yamesimama juu ya mabega ya walimu wale, na wengi wao hawana hata kaburi lenye maandishi.

Nalisema hili hasa kwa sababu ya swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa bodaboda wanaoegesha mbele ya kibanda changu. "Mama, dini hii si mzungu alituletea na bunduki?" Huwa sipendi Mkristo anayelikwepa swali hili kwa kukasirika. Sehemu yake ni kweli, na imani ya kweli haihitaji uongo kuilinda. Oktoba 1896, kule Akeri chini ya mlima Meru, waliuawa wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, pamoja na Wachaga waliokuwa katika msafara wao. Jeshi la Kijerumani likaenda kulipiza kisasi kwa Wameru na Waarusha, likaua na kuteka ng'ombe. Huo haukuwa Ukristo, na mtu anayetaka kuitetea imani aanze kwa kusema wazi kwamba haukuwa Ukristo. Ukilificha hilo kijana atalikuta mtandaoni, na siku hiyo hatakuamini tena hata ukimwambia Yesu amefufuka.

Baada ya kukiri ndipo namwambia yaliyobaki. Kwamba towashi wa Kushi alibatizwa njiani katika Matendo sura ya nane, kabla ya Injili kuvuka kwenda Ulaya sura ya 16. Kwamba Perpetua na Felista, mama kijana na mwanamke mtumwa, waliuawa kwa ajili ya Kristo kule Karthago, Tunisia ya leo, mwaka 203. Kwamba mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia, alikuwa Mkristo karne ya nne, wakati sehemu kubwa ya Ujerumani ilikuwa bado haijalisikia jina la Yesu. Augustino alikuwa askofu wa Hipo, Algeria. Kijana mmoja, baada ya kusikia hayo, aliniuliza kwa nini hakufundishwa hayo kwenye kipaimara. Nami nauliza hivyo hivyo.

Jirani yangu wa upande wa kulia anauza madera na khanga. Ni Mwislamu, mtu wa swala tano, na akienda kuswali adhuhuri mimi ndiye ninayeangalia meza yake. Siku moja biashara ikiwa imelala aliniuliza bila kuzunguka: "Dada, mnasema Yesu ni Mungu. Tena mnasema alikufa siku tatu. Hizo siku tatu dunia alikuwa anaiendesha nani?"

Nimesikia Wakristo wakiulizwa swali hilo wakapandisha sauti. Mimi naliheshimu, kwa maana anayeuliza hivyo anamjua Mungu kuwa ni mkuu na hataki adharauliwe. Nikamwambia: "Mwenzangu, mtu akifa, kwako na kwangu, hageuki kuwa si kitu. Roho inaachana na mwili. Sisi tunaamini Mwana wa Mungu alitwaa ubinadamu kamili, mwili na roho. Aliyekufa msalabani ni yeye mwenyewe hasa, si mwingine, lakini alikufa kwa ule ubinadamu alioutwaa. Uungu haufi na haukuacha kuishika dunia hata dakika moja."

Akasema, "Na kwetu Kurani inasema hawakumuua wala hawakumsulubu." Nikamwambia naijua aya hiyo, iko Sura ya Nisaa, aya ya 157, na kwamba hapo ndipo tunapoachana. Nikamweleza kwa nini mimi nasimama upande huu. Paulo aliandika kwa Wakorintho miaka 25 hivi baada ya msalaba, na anasema yeye mwenyewe alipokea kwa wengine "ya kuwa Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu", akataja waliomwona baada ya kufufuka, na kwamba wengi wao walikuwa bado hai, yaani nenda kawaulize. Hata Tasito, mwandishi wa historia wa Kirumi asiyewapenda Wakristo kabisa, aliandika mwanzoni mwa karne ya pili kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato, enzi za Kaisari Tiberio. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sijakubali, lakini sasa nimeelewa mnasema nini." Tangu hapo tumeshaongea mengi.

Nimeeleza mazungumzo haya kwa urefu kwa sababu wengi wetu tumejifunza kutetea dini kwenye mihadhara ya spika kubwa, mmoja anaisoma Biblia ya mwenzake ili aicheke, na mwingine anajibu kwa kukicheka kitabu cha wa kwanza. Watu wanapiga makofi na kurudi nyumbani walivyokuja, ila wana hasira zaidi. Upole na hofu viko wapi? Katika Matendo 19 kuna jambo ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa. Mji wa Efeso umechafuka kwa sababu ya mahubiri ya Paulo, watu wamepiga kelele saa mbili nzima wakimsifu Artemi, mungu wao wa kike. Karani wa mji, asiye Mkristo, anasimama na kuwatuliza, na moja ya hoja zake ni kwamba watu hawa hawakuiba vitu vya hekalu wala hawakumtukana mungu wetu. Paulo alikaa Efeso zaidi ya miaka miwili akifundisha waziwazi kwamba miungu iliyofanywa kwa mikono si miungu, mpaka biashara ya sanamu ikayumba. Na bado karani wa kipagani aliweza kushuhudia mbele ya halaiki kwamba wenzake Paulo hawakutukana. Ningetamani Mwislamu wa Mbuyuni aweze kusema hivyo juu ya kila Mkristo wa Mbuyuni.

Swali lililonisumbua kuliko yote lilitoka ndani ya nyumba yangu. Binti yangu wa mwisho yuko chuo, Dodoma. Usiku mmoja alinitumia ujumbe wa sauti, sauti ya mtu aliyelia. Amesikiliza video, wanasema Yesu hakuwa Mungu mpaka mfalme Konstantino alipowakusanya maaskofu Nikea mwaka 325 wakapiga kura, na kwamba hapo hapo wakachagua vitabu vya Biblia na kuchoma vingine. "Mama, tumedanganywa?" Baba yake alitaka nimwambie aache kusikiliza video hizo. Nilikataa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu ulikuwa tayari umeshamfunza. Mama alikuwa amebakiwa na zamu yake.

Nilifunga kazi mapema, nikakaa na vitabu, na kesho yake tukaongea mpaka salio likaisha, nikanunua tena.

Mkutano wa Nikea ulikuwepo kweli, mahali panapoitwa İznik leo, nchini Uturuki, na ni kweli Konstantino ndiye aliyeuitisha. Walifika maaskofu wapatao 300. Ugomvi ulikuwa umeanzia Afrika, Aleksandria ya Misri. Kasisi mmoja, Ario, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, mkubwa kuliko viumbe vyote lakini kiumbe, na kwamba kulikuwa na wakati hakuwako. Askofu wake alikataa. Angalia vizuri: Ario mwenyewe hakusema Yesu ni mtu wa kawaida. Pande zote mbili zilikuwa zikimwabudu. Swali lilikuwa kama ni halali kumwabudu aliyeumbwa, na Nikea ikajibu kwamba amezaliwa na Baba, hakuumbwa, ana uungu mmoja na Baba. Maaskofu waliokataa katakata kutia sahihi hadi wakafukuzwa pamoja na Ario walikuwa wawili.

Nikamrudisha binti yangu kwa Plinio wetu wa Bithinia, mwaka 112, zaidi ya miaka 200 kabla ya Nikea, anayesema Wakristo wanamwimbia Kristo kama Mungu. Nikamrudisha nyuma zaidi, Wafilipi 2, pale Paulo anaposema kila goti litapigwa kwa jina la Yesu, maneno ambayo Isaya 45 inayasema juu ya BWANA peke yake. Konstantino hakuwa amezaliwa.

Na huyo Konstantino! Hapa ndipo binti yangu alipotulia. Kama uungu wa Yesu ulikuwa mradi wa mfalme, mbona mfalme huyo huyo mwaka 335 alimpeleka uhamishoni Athanasio, askofu wa Aleksandria, mtetezi mkubwa wa Nikea? Mbona alipokaribia kufa mwaka 337 alibatizwa na Eusebio wa Nikomedia, aliyekuwa rafiki wa Ario? Mwanawe Konstantio akaendelea kuwabana watu wa Nikea. Athanasio alifukuzwa mjini kwake mara tano na wafalme tofauti. Mara nyingine alifichwa na wamonaki jangwani Misri. Imani ile ilishinda wafalme wakiwa dhidi yake, kwa sababu watu wa kawaida wa Aleksandria walikataa kuiacha.

Kuhusu vitabu, maazimio 20 ya Nikea yapo na yanasomeka. Hakuna hata moja linalotaja orodha ya vitabu vya Biblia. Yanahusu mambo ya maaskofu, walioikana imani wakati wa mateso, na mengine ya nidhamu. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo tunaikuta kwenye barua ya Pasaka ya Athanasio ya mwaka 367, na hapo anaorodhesha vilivyokwisha kupokewa, hatungi jambo jipya.

Binti yangu hakuwa mwasi. Barua ya Yuda, ile ile inayotuagiza "mwishindanie imani waliyokabidhiwa watakatifu mara moja tu", karibu na mwisho inasema, "Wahurumieni wengine walio na shaka." Amri hizo mbili ziko katika barua moja fupi ya sura moja. Wako watu wanaoishika ya kwanza kwa nguvu zote na kuwafukuzia mbali watoto wao kwa kuisahau ya pili.

Na Yuda hakuwa anawaza watu wa dini nyingine. Anasema wapotoshaji wamejiingiza kwa siri, wamo ndani, wanakula nasi karamu. Hili sisi wa Moshi tunalijua kwa machozi. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo hapa hapa mjini, watu 20 walikufa kwenye mkutano wa maombi, wakikanyagana kuyakimbilia mafuta ya upako. Wiki ile mji mzima ulikuwa msibani. Sitasema neno baya juu ya waliokufa. Walikuwa wakitafuta msaada wa Mungu, wengine wagonjwa, wengine wamebeba watoto. Ninachojiuliza ni sisi wa sharika kongwe tulikuwa wapi. Kwa nini mama anayeabudu karibu nami hakujua kwamba anaweza kuwaita wazee wa kanisa nyumbani kwake?

Maana mafuta yamo kwenye Biblia. Yakobo 5 inasema mgonjwa awaite wazee, wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Soma polepole. Wazee ndio wanaomwendea mgonjwa. Mgonjwa hapigani vikumbo kuwafikia. Hakuna bei. Na mstari unaofuata unasema kule kuomba kwa imani ndiko kutakakomwokoa mgonjwa. Mafuta hayana nguvu yao ya kuuzwa kwenye chupa. Simoni wa Samaria alipoleta fedha ili anunue uwezo wa Roho Mtakatifu, Petro alimwambia, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Sisi Walutheri hasa hatuna udhuru, kwa sababu zile hoja 95 za Martin Luther za mwaka 1517 zilianza kwa jambo hili hili, watu maskini kuuziwa vyeti vya msamaha. Tunaadhimisha Matengenezo kila Oktoba kwa kwaya na mavazi mekundu, mengine nimeyashona mimi, halafu muumini akiuziwa maji na chumvi mtaa wa pili tunanyamaza ili tusionekane tuna wivu na kanisa la mwenzetu. Huo si upole. Huo ni woga.

Lakini kuna mahali pagumu kuliko uwanjani, pagumu kuliko mtandaoni. Ni kihambani, mbele ya wazee wa ukoo.

Mtoto wa shemeji yangu aliugua muda mrefu, na ukoo ukaitwa Old Moshi. Baba mkubwa wa mume wangu, mzee ninayempenda na aliyenipokea vizuri tangu nilipoolewa, akasema achinjwe mbuzi mgombani, imwagwe mbege, pombe yetu ya ndizi, watajwe na kuombwa waliotutangulia ili mtoto apone. Ni mbatizwa, na Krismasi anakaa kiti cha mbele kanisani. Kila mtu akainamisha kichwa kukubali. Nilisimama, mikono nyuma. "Shikamoo baba. Naomba nisikilizwe. Babu na bibi waliolala nawaheshimu, na majina yao watoto wangu wanayajua. Ila kuwaomba sitaweza, wala nyama ya sadaka hiyo sitaila, kwa sababu nimekwisha kula kwenye Meza ya Bwana. Nitakaa hapa na wenzangu mpaka jua lizame, nitapika, nitateka maji. Na gharama ya kumpeleka mtoto hospitali tena, mimi na mume wangu tunaitoa leo."

Palikuwa kimya kidogo, kisha mzee akasema, "Umesema kwa adabu. Kaa." Mbuzi alichinjwa, mimi sikula. Mume wangu alirudi baadaye na isale mkononi, jani la Wachaga la kuombea radhi, kumwomba baba mkubwa radhi kwa uchungu aliousikia, na radhi ikapokelewa, ingawa msimamo wetu haukubadilika. Shemeji yangu wa kike aliniuliza wiki iliyofuata, faraghani, nilipata wapi ujasiri ule. Hilo ndilo swali la tumaini lililo ndani yenu, naye aliliuliza kwa sababu aliona kitu, si kwa sababu nilimhubiria.

Nisieleweke kwamba ukoo ni adui wa imani. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuishi miaka mingi Old Moshi, aliandika sana kwamba ukoo na ujirani wa Wachaga ni vipawa vya Mungu, na kanisa lisivivunje bali lijengwe ndani yake. Naona alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana siku ile nilibaki mpaka jioni badala ya kuondoka kwa hasira. Aliyeondoka hawezi kuulizwa kitu.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipigania usharikani kwetu. Watoto wa kipaimara wanasoma miaka miwili. Wanajifunza Katekisimu Ndogo, aliyoiandika Luther mwaka 1529 baada ya kutembelea vijiji vya Saksonia na kukuta watu waliobatizwa hawajui hata Sala ya Bwana. Ni kitabu kidogo ninachokipenda sana. Amri inatajwa, kisha mara linafuata swali: maana yake nini? Kila kipengele cha Imani, kila ombi la Sala ya Bwana, mtoto anaulizwa maana. Luther aliwaandikia akina baba wa nyumba, wawaulize watoto wao mezani. Sisi tumelihamishia darasani, mtoto anakariri jibu kwa ajili ya siku ya kuhojiwa mbele ya washarika, anavaa gauni jeupe, anapigwa picha, na asipokosea neno tunasema amejua. Hakuna siku hata moja katika miaka miwili ile ambapo mtoto ndiye mwenye zamu ya kuuliza. Kisha anakwenda bweni, anakwenda chuo, na maswali anayaulizwa na wengine kwa lugha ambayo hajawahi kuisikia kanisani.

Nimeomba baraza la wazee litenge kipindi kimoja kila mwezi ambapo watoto wa kipaimara wanaleta maswali yao, kwa kuandika bila majina kama wanaona haya, na wazazi wanakaa humo humo wakisikia. Mwalimu asipojua aseme nitaangalia, na wiki inayofuata alete jibu. Wazee wawili wamepinga. Mmoja, mzee wangu ninayemheshimu sana, anasema tutawatia watoto shaka ambazo hawakuwa nazo. Nimemjibu kwamba shaka wanazo tayari, ziko kwenye simu zao, na kinachokosekana ni mtu mzima wanayemwamini wa kuzitoa mbele yake. Mchungaji anasema anaona faida yake ila anataka wazazi wakubali kwanza, nami nimeanza kuzungumza nao mmoja mmoja, wengine hapa hapa kwenye benchi, nikiwapima mabega.

Kikao cha baraza kinakaa baada ya Pasaka na hoja yangu imo kwenye ajenda. Kama u mzazi wa kipaimara usharikani kwetu na unasoma hapa, njoo na swali moja alilokuuliza mwanao ukashindwa kulijibu. Nitayakusanya na kuyasoma kikaoni yote, bila majina.